Kuacha ni siku moja, kukaa bila kurudia ni miaka: maswali kuhusu uraibu na kupata nafuu

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: anayetumia, na anayempenda anayetumia. Nimeyaacha kama yanavyoulizwa, hata yale ya hasira, maana hasira nayo ina lake la kujibiwa. Majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja. Kuacha si kugumu kama kukaa bila kurudia, na anayekaa bila kurudia mara nyingi si mwenye moyo mgumu kuliko wenzake. Ni yule aliyepata dawa inayomfaa, akayapanga maisha yake upya, na akawa na watu wanaojua hali yake.

Kama unakunywa pombe kila siku, au unameza vidonge vya usingizi na wasiwasi kila siku, soma kwanza jibu la arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea, kabla hujaamua lolote.

Nitajuaje kama nimeshakuwa mraibu, au nakunywa tu kama wengine?

Usihesabu chupa peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatazama mambo matatu. Kwanza, umeshindwa kujitawala: unapanga kutumia kidogo unamaliza vyote, au unapanga kutokutumia na jioni unajikuta umeshatumia. Pili, kilevi kimepanda ngazi na kuwa mbele ya kazi, watoto, afya na usingizi, na unaendelea hata ukiona kinakuumiza. Tatu, mwili umezoea, kwa hiyo unahitaji zaidi ili upate kilekile, na ukikosa unaumwa. Mawili kati ya hayo yakidumu mwaka mmoja, au miezi mitatu kwa anayetumia karibu kila siku, daktari ataita utegemezi.

Wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi nawahi kazini kila siku." Kuwahi kazini hakupimi chochote. Wapo wanaowahi kazini miaka mingi huku ini likiharibika na ndoa ikivunjika kimyakimya. Swali lenye faida ni hili: mara ngapi umejiwekea mpaka, na mara ngapi umeuruka?

Tuambiane ukweli: huu ni ugonjwa, au ni tabia mbaya iliyopewa jina zuri?

Mwaka 1954 watafiti wawili, James Olds na Peter Milner, waliweka nyaya ndogo kwenye ubongo wa panya na kuwaachia kitufe. Panya akibonyeza, sehemu fulani ya ubongo inashtuliwa kwa umeme kidogo. Panya walibonyeza na kubonyeza. Tangu hapo imejulikana kwamba ubongo una mfumo maalumu unaomwambia kiumbe: hili ni muhimu, lirudie. Mfumo huo hutumia kemikali iitwayo dopamini, na upo ili tule, tuzae na tubaki hai. Kilevi huingia humohumo kwa nguvu ambayo chakula hakina. Kila kinapoingia, ubongo hujifunza upya kwamba hakuna jambo muhimu kuliko hilo.

Watu hudhani mraibu anatumia kwa sababu anaona raha. Mwanzoni, ndiyo. Baadaye raha hupungua na hamu huongezeka, vitu viwili tofauti vinavyotembea njia tofauti. Ukimuuliza aliyetumia heroini miaka kumi atakwambia hajapata stimu ya kweli, ule mlevyo wenyewe, siku nyingi, anatumia ili aweze kuamka kitandani. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kusema "ngoja kwanza", inadhoofika. Kwa hiyo unapomwambia "fikiria watoto wako", unazungumza na sehemu iliyochoka kuliko zote.

Ugonjwa, basi. Lakini ugonjwa haufuti wajibu. Mwenye kisukari hakujipa kisukari, ila ni yeye anayekwenda kliniki. Mraibu pia hakuchagua ubongo wake ubadilike, na pesa aliyoiba bado ni deni.

Mbona wenzangu tulioanza pamoja waliacha kirahisi, mimi nikanasa?

Kwa sababu wengi wanaojaribu hawanasi, na hilo lisemwe wazi hata kama halipendezi kwenye mabango ya kampeni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 uliangalia watu waliowahi kujaribu kila kilevi, ukahesabu waliofikia utegemezi. Kwa tumbaku walikuwa asilimia 32, heroini 23, kokeini 17, pombe 15, bangi 9. Tumbaku inaongoza, na bado ndiyo inayoonewa haya kidogo zaidi.

Kinachowatenga wanaonasa na wasionasa ni mchanganyiko. Karibu nusu ni urithi: mzazi mwenye uraibu hakupi uraibu, anakupa hatari. Umri wa kuanza una uzito mkubwa, kwa sababu ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Anayeanza na miaka 14 anaweka kilevi kwenye nyumba ambayo msingi wake bado haujakauka. Halafu kuna sonona, wasiwasi uliopitiliza, na majeraha ya utotoni kama kupigwa, kudhalilishwa au kutelekezwa. Mtu wa namna hiyo hakupata burudani alipotumia mara ya kwanza, alipata nafuu. Ni vigumu sana kumwambia mtu aache kitu cha kwanza kilichowahi kumpa utulivu.

Mazingira nayo. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kwamba askari wake wengi walioko Vietnam wanatumia heroini, ikamwomba mtafiti Lee Robins awafuatilie. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu huko vitani. Walipofika nyumbani, katika mwaka wa kwanza ni kama asilimia 5 tu ya hao waliorudi kwenye uraibu. Heroini ile ile, watu wale wale, ila vita, marafiki wa kutumia nao na dawa iliyokuwa ikipatikana kila kona vilibaki ng'ambo. Huwa naukumbuka utafiti huu kila nikisikia familia imempeleka kijana matibabuni kwa gharama kubwa, kisha ikamrudisha kwenye chumba kilekile, kijiwe kilekile na simu ileile.

Arosto inaua?

Inategemea unaacha nini, na hapa kukosea kuna gharama ya maisha.

Pombe: ndiyo, inaweza kuua. Kwa mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, kutetemeka, jasho na wasiwasi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya saa 48 na 96 wachache huingia kwenye hali mbaya zaidi: homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu ambao hawapo. Hiyo ni dharura ya hospitali. Watu wa nyumbani hudhani amepagawa au anaigiza, na muda unapotea. Hospitali itampa dawa za jamii ya diazepamu kwa dozi inayopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1, kwa sababu upungufu wake unaharibu kumbukumbu kabisa.

Vidonge vya usingizi na wasiwasi, yaani hiyohiyo jamii ya diazepamu: navyo vinaweza kuleta degedege ukivikata ghafla. Hupunguzwa kidogokidogo kwa wiki au miezi, chini ya daktari.

Heroini na dawa nyingine za opioidi, yaani jamii ya afyuni kama mofini: mateso makubwa, ila ni mara chache kumuua mtu mzima mwenye afya. Huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, huchachamaa siku ya pili na ya tatu, na huisha ndani ya siku 4 hadi 10. Mifupa inauma, makamasi, kuharisha, kutapika, usingizi hakuna. Hatari ni kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo maji na chumvi ya kuzuia upungufu wa maji ni lazima.

Kokeini na methamfetamini: mwili unaanguka. Mtu analala siku nzima, anakula sana, anazama kwenye huzuni. Hatari kubwa siku hizo ni kujiua. Asiachwe peke yake, na akizungumzia kifo asionekane anatafuta huruma.

Bangi: hasira, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kwa wiki mbili hivi. Inachosha watu wote nyumbani, haiui.

Tumeamua kumfungia ndani wiki mbili mpaka dawa itoke mwilini. Mnaonaje?

Dawa itatoka. Uraibu utabaki, na mwili utakuwa umepoteza uwezo wake wa kuhimili dozi kubwa. Akifunguliwa akatumia dozi aliyoizoea zamani, dozi hiyo sasa inaweza kumuua. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani, hospitalini au kwenye kituo cha kuachia dawa ni za hatari kuliko zote kwa watumiaji wa opioidi. Mlango uliofungwa kwa upendo unaweza kufanya kazi ileile. Na kama anatumia pombe, mnaweza kumfungia pamoja na degedege.

Minyororo na kipigo sitavijadili. Havitibu chochote.

Methadoni si ni kuhamisha uraibu kutoka mtaani kwenda kliniki?

Swali hili huulizwa sana, mara nyingi na watu wenye nia njema, na limewagharimu watu uhai. Kwa hiyo nitakaa nalo.

Mwili uliozoea heroini hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku: stimu, kisha kawaida kidogo, kisha arosto, kisha kutafuta pesa. Methadoni, dawa ya jamii ya opioidi inayotolewa kliniki badala ya heroini, hunywewa mara moja kwa siku na hukaa mwilini muda mrefu. Kwa dozi sahihi mtu hapati stimu wala arosto. Anapata siku nzima ya kawaida, na ndani ya siku hiyo anaweza kufanya kazi, kumeza dawa zake nyingine na kuzungumza na mwanawe. Daktari Vincent Dole na Marie Nyswander walieleza hayo New York mwaka 1965, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vifo vya watu wanaoendelea na methadoni ni karibu theluthi moja ya vifo vya walioiacha. Dawa chache sana zina matokeo ya namna hiyo. Ukweli mwingine nao usemwe: mwili unaitegemea, ukiikata ghafla utaumwa. Wiki za kwanza za kupandisha dozi zinahitaji uangalizi wa karibu. Kuichanganya na pombe au diazepamu kunaweza kusimamisha pumzi. Buprenofini ni salama zaidi kwa upande wa pumzi, ila huanzwa arosto ikiwa imeshaanza. Ukiiwahi, yenyewe ndiyo itakayoleta arosto kali ya ghafla.

Kutegemea dawa na kuwa mraibu si hali moja. Mwenye presha anategemea kidonge chake na hakuna anayemwuliza ataacha lini. Anayekaa na methadoni miaka mitano akilea familia yake amepata nafuu, na anayemsukuma aache haraka ili "awe safi kweli" anamrudisha kwenye hatari. Kuna siku ya kupunguza kwa wanaotaka, na siku hiyo wanaipanga yeye na daktari wake.

Na pombe, au kokeini, zina dawa?

Pombe inazo tatu zinazojulikana zaidi. Naltreksoni hupunguza raha ya kunywa na hamu yake. Akamprosati husaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Disulfiramu humfanya mtu aumwe vibaya akinywa, na inafaa kwa wachache wanaoimeza mbele ya mtu wanayemwamini. Madaktari wengi huziandika kwa nadra mno kuliko inavyostahili, basi ulizia kwa majina.

Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa iliyothibitika kiasi cha kuidhinishwa rasmi. Kinachofanya vizuri kuliko vingine ni mpango wa kumpa mtu zawadi ndogo ya uhakika kila kipimo chake cha mkojo kinapotoka safi. Unasikika wa kitoto, ila unafanya kazi, na sababu yake ipo kwenye dopamini tuliyoitaja: ubongo unafundishwa upya kwa lugha yake.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Si tusubiri yamfike shingoni?

Wengine yakiwafika shingoni huwa ndiyo mwisho wao, hawapati nafasi ya kubadilika. Hakuna ushahidi kwamba lazima mtu apoteze kila kitu ndipo atibike. Anayeanza matibabu akiwa bado na kazi, ndoa na afya ana vitu vya kumshika.

Utayari nao haukai mahali pamoja. Mtu mmoja anaweza kutaka kuacha asubuhi na kutotaka jioni, na yote mawili ni kweli. Mwanasaikolojia William Miller, mwaka 1983, alieleza njia ya mazungumzo iliyojengwa juu ya jambo hilo. Badala ya kumhubiria, muulize yeye mwenyewe kilevi kinampa nini na kinamnyima nini, kisha nyamaza umsikilize. Ukisukuma, atajitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyoyaamini maneno yake. Tafuta dakika ambayo hajalewa, hana arosto, na hamjagombana. Siku akisema "nimechoka", uwe umeshajua kliniki iko wapi na inafunguliwa saa ngapi, kwa sababu dirisha hilo hufungwa upesi.

Namsaidiaje bila kumlea uraibu wake?

Mlishe, mpeleke hospitali, mlipie nauli ya kliniki ukiishika mwenyewe. Usimpe pesa mkononi, usimlipie deni la muuzaji, usimpigie bosi kumwambia mwanao ana malaria. Msaada unaomwondolea njaa ni mzuri. Msaada unaomwondolea matokeo ya kutumia unamwongezea siku za kutumia.

Sema mpaka mmoja unaoweza kuutekeleza, kwa sauti ya kawaida, na uutekeleze. "Ukija umelewa hulali chumba cha watoto" ni mpaka. "Ukirudia tena wewe si mwanangu" ni hasira, naye anajua hutaifuata. Akija hajatumia, kaa naye, kula naye, cheka naye. Familia nyingi humpa mraibu muda wao wote siku za fujo na kumsahau siku za utulivu, kisha zinashangaa kwa nini utulivu haudumu.

Nawe lala. Mama au mke anayelinda mlango usiku kucha kwa miaka ataugua kabla ya anayemlinda.

Maombi pekee yanatosha?

Kwa wengi imani ni nguzo, na sina sababu ya kuigusa. Chama cha Walevi Wasiojulikana (Alcoholics Anonymous) kilichoanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935 na Bill Wilson na daktari Bob Smith kimejengwa juu ya kukiri kwamba mtu anahitaji nguvu kubwa kuliko yake, na tafiti zinaonyesha kinawasaidia wengi kuacha pombe kabisa. Kile cha watumiaji wa dawa za kulevya kilifuata California mwaka 1953. Mashaka yangu ni kwa kiongozi yeyote, wa dini au wa kikundi, anayemwambia mtu atupe methadoni yake au dawa za sonona ili athibitishe imani. Huyo anacheza na roho ya mtu.

Nimeacha, sasa ni mwezi wa pili, na sioni raha ya kitu chochote. Ndiyo maisha yenyewe haya?

Ndiyo hatua yenyewe, na inapita. Ubongo uliozoea dopamini nyingi umejipunguzia vipokezi vyake, kwa hiyo vitu vya kawaida havitoshi kuusisimua. Muziki ni kelele, chakula ni kazi. Mwaka 2001 Nora Volkow na wenzake walipiga picha ubongo wa watu wachache waliokuwa wakitumia methamfetamini. Waliokaa zaidi ya mwaka bila kutumia, mfumo wao wa dopamini ulikuwa umerudi kwa sehemu kubwa, ingawa kumbukumbu na mwendo vilikuwa bado havijarejea kikamilifu. Yaani matengenezo yanaendelea hata wewe huhisi.

Watu wengi hurudia katika kipindi hiki, na hawarudii kwa kutafuta starehe. Wanarudia kwa kuchoka na maisha yasiyo na rangi. Kwa hiyo usisubiri hamu ndipo ufanye jambo. Amka saa ileile, tembea, fanya kazi hata ndogo, kutana na mtu mmoja kila siku. Raha huja nyuma ya vitendo. Ikiwa huzuni inazidi wiki baada ya wiki, au unawaza kufa, hiyo inaweza kuwa sonona inayohitaji tiba yake. Uraibu na sonona vitibiwe pamoja, kisisubiri kimoja kiishe.

Kiu ikinishika ghafla nifanye nini?

Kiu kali mara nyingi hupanda, hufika kilele na kushuka ndani ya nusu saa hivi hata usipoipa kitu. Kazi yako ni kuivusha nusu saa hiyo: ondoka mahali ulipo, piga simu, kunywa maji, oga. Usikae ukibishana nayo, ni fundi wa maneno kuliko wewe.

Kazi kubwa zaidi hufanyika kabla. Andika mahali, watu, saa na hali zinazokuamsha. Wengi hukuta orodha inafanana: siku ya mshahara, kugombana, upweke, njaa, uchovu, na pia furaha kubwa, ambayo husahaulika. Futa namba ya muuzaji leo ukiwa na akili timamu, kwa sababu kesho hutakuwa nazo. Badili njia ya kurudi nyumbani. Mshahara upitie kwa mtu mwingine miezi ya mwanzo. Ukiona unajisemesha "napita tu kuwasalimia", ujue kurudia kumeshaanza, bado tu kumeza.

Nilikaa miezi minane nikarudia juzi. Nimerudi mwanzo?

Hapana. Mwanzoni ulikuwa hujui lolote kati ya uliyojifunza kwa miezi minane. Mapitio maarufu yaliyochapishwa Marekani mwaka 2000 yalionyesha kwamba wanaorudia baada ya matibabu ni kama asilimia 40 hadi 60, na kwamba wagonjwa wa presha, pumu na kisukari nao hurudi nyuma kwa viwango vya kukaribiana wanapoacha masharti yao. Hakuna anayemfukuza mgonjwa wa pumu hospitalini kwa sababu amebanwa tena.

Kuna tofauti kati ya kuteleza na kuporomoka, na kinachotenganisha ni saa chache zinazofuata. Mtu hutumia mara moja, anajiambia "nimeshaharibu, acha nimalizie", na siku moja inakuwa miezi sita. Aibu ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo mwambie mtu leo, kabla ya kesho. Rudi kliniki hata kama unaona haya kumtazama muuguzi. Kisha, ukiwa umetulia, rudi nyuma siku tatu: ulilala vipi, uligombana na nani, ulikutana na nani. Kama ni opioidi, kumbuka dozi yako ya zamani sasa ni sumu kwako.

Naweza kunywa kidogo tu kwenye sherehe? Au nivute bangi badala ya pombe?

Wapo waliokuwa na tatizo dogo la pombe wakafanikiwa kupunguza. Aliyefikia arosto na kushindwa kujitawala mara nyingi hafanikiwi, na njia ya kuhakikisha ni ya gharama mno. Kubadilisha kilevi kimoja kwa kingine huacha mlango uleule wazi. Sigara je? Kinyume na wanavyodhani wengi, kuacha sigara wakati wa kuacha pombe hakuharibu nafuu.

Nikimkuta amezidisha dozi?

Dalili za opioidi: haamki hata umsugue kifua kwa nguvu, anapumua taratibu sana au anakoroma kwa kukwama, midomo na kucha zimebadilika rangi kuwa za bluu au kijivu, mboni za macho ni ndogo kama ncha ya kalamu. Ita msaada wa dharura. Kama kuna naloksoni, dawa inayozima nguvu ya opioidi, mpe puani au kwa sindano. Mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde 5 hivi. Akianza kupumua mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Usimmwagie maji baridi, usimpe maziwa, usimwache "alale iishe". Naloksoni hufanya kazi kama dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo hata akiamka na kukutukana, kaa naye hadi msaada ufike.

Nina mimba na natumia heroini. Niache leo?

Usikate ghafla peke yako. Arosto kali inaweza kuhatarisha mimba, na wanaoacha hivyo mara nyingi hurudia. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni methadoni au buprenofini wakati wote wa ujauzito. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, na hizo zinatibika. Mwambie mkunga mapema, hata kama unaogopa macho yake.

Inachukua muda gani mpaka niseme nimepona?

Wiki moja au mbili kwa mwili, miezi kwa usingizi na hisia, mwaka na zaidi kwa ubongo kutulia. Hatari ya kurudia ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo na hushuka mwaka hadi mwaka. Kwa waliofika miaka mitano ni ndogo sana, ingawa haifutiki. Programu ya kukaa kituoni siku 28 ni mwanzo tu, na anayekuuzia kama tiba kamili anakuuzia vitanda. Uliza kabla ya kulipa: nikitoka hapa, nani atanifuatilia mwezi wa tatu, na wa tisa?

Nimekaa miaka mitatu bila heroini na nahitaji kufanyiwa upasuaji. Nikatae dawa za maumivu?

Usikatae. Maumivu yasiyotulizwa nayo ni njia ya kurudia. Mwambie daktari wa upasuaji na wa usingizi historia yako yote, hata kama huko nyuma ulidharauliwa ulipoisema. Omba waanze na dawa zisizo za opioidi na sindano za ganzi pale inapowezekana. Zikihitajika za opioidi, ziwe za siku chache, na nyumbani zishikwe na mtu mwingine anayekupa moja kwa wakati wake. Zilizobaki zirudishwe duka la dawa. Kama uko kwenye methadoni au buprenofini, usiache kwa ajili ya upasuaji bila maelekezo yao. Kama unatumia naltreksoni, sema mapema kabisa, siku nyingi kabla ya tarehe, kwa sababu inazuia dawa za opioidi zisifanye kazi na lazima isimamishwe kwa mpango.